Msianze na majina, anzeni na dagaa

Ninyi mnaotaka kuunda kikundi cha biashara, sikieni yangu. Kikundi changu cha kwanza kiliundwa ndani ya siku tatu. Tulisikia habari za mikopo ya vikundi isiyo na riba, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), na jirani akapita nyumba kwa nyumba hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, na daftari mkononi. "Mama, leta jina, tumebakiza nafasi mbili." Nikajiandikisha, na wifi yangu pia. Katiba tulinakili ya kikundi kingine. Mwenye daftari akawa mwenyekiti.

Hatukuwa watu wabaya. Lakini kwenye karatasi mradi wetu ulikuwa kukausha na kuuza dagaa, na kati yetu kulikuwa na wasusi, muuza mitumba, na wengine wasiowahi kushika karai la dagaa. Alfajiri mitumbwi ikirudi, tuliofika mwaloni, pale inapotia nanga, ni walewale watatu. Siku ya kugawana tulijaa. Ule mkopo niliumalizia kwa kuuza cherehani yangu.

Kikundi cha sasa hakikuanza na jina. Tulikuwa wanawake watano ambao chanja zetu za kuanikia dagaa zimekaribiana, basi. Mchana mmoja nilipeleka magunia kwenye soko la samaki la Kirumba Mwaloni, nikaacha mzigo juani. Wingu likapanda kutoka ziwani. Kwa sisi waanikaji hiyo ni hasara inayotembea, maana dagaa nusu wakavu wakinyeshewa wanaharibika, na mnunuzi anakutajia bei ya chakula cha kuku. Nilirudi mbio moyo ukinidunda, nikakuta dagaa wangu wameanuliwa na kufunikwa turubai. Mama wa chanja ya pili alikuwa amelowa chapachapa, na upande mmoja wa mzigo wake mwenyewe ulikuwa umeloa. Hakuna aliyemtuma.

Tangu siku hiyo tukaanza kununua pamoja. Miezi kadhaa, bila katiba wala mhuri. Nawashauri mfanye hivyo, na msikatishe kabla mbalamwezi haijapita mara mbili tatu. Wakati wa giza taa zinavuta dagaa, kila mtu ana hela na kila mtu ni mwema. Mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika, mfuko hauingizi kitu, na hapo utamjua anayenyemelea hela ya kikundi.

Kuhusu idadi, msihangaike kujaza. Mfaransa mmoja mtaalamu wa kilimo, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa akivuta peke yake. Mtu yeyote aliyesaidia kupandisha mtumbwi nchi kavu ameliona hilo kwa macho.

Ila wachache wasiwe wa aina moja. Kwetu mmoja anajua kuelewana bei na wavuvi, mwingine anawafahamu wanunuzi wa Mwaloni, na mwenye daftari la hesabu ni yule asiyeona haya kumdai shoga yake mbele ya watu. Huyo mtafuteni kwa bidii, ni adimu.

Wiki iliyopita dada mmoja ameomba kujiunga. Tumempa nafasi ya kuanika karibu yetu. Jina lake tutaliandika mvua zikishapita.