Je, Nifiche Shahada Yangu Ili Nipate Mchumba?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Marangu, na baada ya kuhitimu shahada ya uzamivu ninafanya utafiti wa maji mjini Arusha. Kila Desemba tunaporudi nyumbani kwa Krismasi, mama zangu wadogo huniuliza nitawaletea mgeni lini, nami sina jibu.

Mwaka jana nilikutana na mfanyabiashara wa Moshi ambaye, aliposikia naitwa daktari, alianza kunieleza habari za presha yake. Nilipomfafanulia kuwa udaktari wangu si wa hospitali, alinyamaza, akalipa bili kabla hatujamaliza kula, na kesho yake akaniandikia kwamba mimi ni wa ngazi nyingine.

Mwezi uliopita nilikutana na mwingine, mtu mtulivu, mwenyeji wa Maji ya Chai, katika mgahawa ulio karibu na Mnara wa Saa. Nilifurahi kusikia anakotoka, kwa kuwa ndiko nilikochukulia sampuli zangu, nikamweleza jinsi miamba ya volkano ya Mlima Meru inavyotia floraidi nyingi katika maji na jinsi meno ya watu wa huko yanavyogeuka kahawia. Kuanzia hapo alizungumza huku amefunika mdomo kwa kiganja, na hajanipigia simu tena. Rafiki zangu wananishauri kwamba safari nyingine niseme mimi ni karani tu. Je, nifiche elimu yangu?

Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiifiche. Siku huyo bwana atakapokuja Marangu na wazee wake, mjomba wako atakitaja cheo chako kabla mbege haijamiminwa, na hapo utakuwa umemkaribisha mkwe kwa uongo.

Hofu yako, hata hivyo, si ya kujitungia. Mwaka 2006 Raymond Fisman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, ambamo wanafunzi wa shahada za juu, wanaume na wanawake, walizungumza wawili wawili kwa dakika nne nne, kisha kila mmoja akaeleza kama angependa kumwona tena mwenzake. Wanaume walivutiwa na akili na ari ya mwanamke, lakini mvuto huo ulikoma pale walipomwona amewazidi wao. Hao walikuwa wasomi wa New York. Sasa tumshangae nini mfanyabiashara wa Moshi? Mwache aende zake. Mtu anayeikimbia meza kwa sababu ya neno moja amekupunguzia safari ndefu.

Bwana wa Maji ya Chai ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba doa la floraidi huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, utotoni, na kwamba hakuna mswaki wa kuliondoa. Huyo mtu ameishi na meno hayo tangu shule ya msingi, pengine akipigwa picha mdomo umefumbwa, halafu katika saa ya kwanza ya kufahamiana nawe akasomewa maelezo yake kama sampuli. Sidhani kama aliikimbia shahada yako. Aliona haya, na haya ile ungeweza kuizuia. (Nimewahi kuketi na maprofesa wanaume waliohutubia tangu supu hadi matunda, wala hakuna aliyewashauri wajiite makarani, kosa hili halina jinsia, ila adhabu yake ninyi wanawake mnaipata zaidi.)

Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba watu hupendwa zaidi wanapouliza maswali, hasa yale yanayofuatilia jambo ambalo mwenzao amekwisha kulisema. Mtu akikuambia ametoka Maji ya Chai, swali la namna hiyo ni kama bado ana wazazi huko, au kama utotoni alitumwa kuchota maji. Majibu yake yangekufikisha kwenye utafiti wako bila kumgusa meno, na ungeyasikia mambo ambayo sampuli hazikukuambia.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jambo moja, sikuliona. Umeniandikia miamba, mlima, floraidi na mahali mlipoketi, lakini hukuniambia huyo bwana anafanya kazi gani. Mpigie simu wewe. Mwombe radhi kwa maneno ya meno, kwa sentensi moja tu, bila kufafanua, kisha umuulize habari za kazi yake na umwache amalize. Akishakueleza, niandikie tena, maana nami nimebaki na hamu ya kuijua.