Saruji iacheni getini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ukarabati wa majengo ya kale hapa Bagamoyo, karibuni sana. Kabla hamjashika mwiko, nawaomba jambo moja: kuta hizi zisiguswe na saruji.

Mwaka wangu wa kwanza tulikabidhiwa ukuta wa nyumba ya zamani karibu na pwani. Lipu ilikuwa imebanduka chini, kimo cha goti. Kwa haraka tukapiga saruji, tukalainisha, tukapaka rangi nyeupe. Ikapendeza. Misimu miwili ya masika ikapita. Kiraka chetu kilikuwa kigumu vilevile, ila ukikigonga kwa kidole kinalia kitupu. Fundi mmoja mzee akakichokonoa kwa ncha ya mwiko, kikatoka kipande kizima, na nyuma yake jiwe la tumbawe limekuwa unga. Nikauonja ule unga. Chumvi tupu. Jiwe lililosimama zaidi ya miaka mia moja tuliliua sisi kwa miaka miwili, na bado linaniuma.

Tumbawe lina matundu, linanyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaacha maji yatoke nje. Saruji huyaziba, basi yanapanda juu zaidi au yanakaukia humo ndani, chumvi inaganda, inatanuka na kulipasua jiwe. Kwa hiyo mkiona lipu ya chokaa inadondoka baada ya miaka kadhaa, msiseme fundi alilipua kazi. Lipu hiyo imekufa ili jiwe lipone.

Chokaa inataka subira. Izimwe vizuri kwa maji, ikae humo miezi, ndipo ipigwe kwa tabaka nyembamba. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, polepole mno. Jua la saa saba likiikuta mbichi, inachanika nyufa. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa, na kila siku awepo wa kuyamwagia maji, hata Jumapili.

Wazee walichoma matumbawe kupata chokaa. Leo ukiletewa ya kutoka baharini, kataa, maana mwamba ule ndiyo nyumba ya samaki. Chokaa ya mawe ya nchi kavu inatosha. Boriti nazo ni mikoko, na mikoko haikatwi bila kibali cha misitu. Chunguzeni kwanza boriti ya zamani: mara nyingi imeoza ncha tu, ile iliyozama ukutani.

Magofu ya Kaole, karibu na mji huu, ni habari nyingine. Msikiti wake wa kale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yake watu bado wanayazuru, wanafukiza ubani na kuomba dua. Ukikuta kitu kimewekwa kaburini usikifagie. Muulize mlinzi, msalimie mzee aliyekaa pale, ngoja amalize. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kale, kwa hiyo hata jiwe lililoanguka halihamishwi bila ruhusa.

Wiki ya kwanza msijenge chochote. Nendeni asubuhi baada ya mvua, mpitishe kiganja ukutani kutoka chini kwenda juu. Pale ubaridi unapoishia, chora mstari kwa chaki, andika tarehe. Mwezi ukiisha, rudini mpime tena.