Kwa Wanaoniomba Niwatumie Andiko Langu la Ruzuku

Tangu niweke picha ya kikaushio chetu cha dagaa pale mwaloni Igombe, Mwanza, na kusema kuwa ripoti ya mwisho ya mradi imepokelewa, simu yangu haipumziki. Ujumbe mmoja wa kijana wa Bunda ndio ulionikalisha chini niandike: “Shikamoo kaka, hongera sana. Naomba unirushie lile andiko, nitabadilisha jina tu.”

Marahaba, mdogo wangu. Andiko tuliloombea ruzuku ya serikali sikurushii, na si uchoyo. Halitakusaidia kitu, kwa sababu serikali haikutupa fedha ya kikaushio. Ilitupa fedha ya swali, na swali lile limeshajibiwa.

Karakana yetu ipo Nyakato. Kazi iliyokuwa ikitulisha ni taa za sola za kuvulia dagaa: kubadilisha betri, kuchomelea fremu za paneli, kuziba taa zilizoingia maji. Ukiwahudumia wenye mitumbwi unasikia mambo yote ya ziwani. Kilio kikubwa kilikuwa cha akina mama wanaonunua dagaa wabichi alfajiri. Wanawaanika mchangani, saa sita mvua inashuka, jioni wameshavunda, wanaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Sasa hapo kila fundi anasema, “Tengeneza kikaushio cha sola.” Vikaushio vya nailoni vipo miaka mingi. Ukiandika kwamba unaomba fedha ukatengeneze kimoja, msomaji wa andiko atauliza swali moja tu: kipya ni kipi? Na hapo ndipo maandiko mengi ya vijana wetu yanapofia. Yamejaa umaskini wa mvuvi, ajira kwa vijana, uchumi wa viwanda, halafu ukurasa wa mwisho kuna bei ya mabati.

Sisi kikaushio cha kwanza tulikijenga kwa fedha yetu, na kikatufundisha. Feni ilikuwa inaendeshwa na paneli. Wingu likitanda, joto linashuka na feni nayo inazubaa, saa ileile ambayo unyevu unatakiwa utoke. Tukaongeza jiko la mkaa chini. Dagaa wakapikika. Ngozi ikakakamaa, ndani wakabaki na maji.

Mama mmoja pale Igombe alichota konzi ya dagaa, akaifinya, akaiachia, akasema, “Hawa bado.” Kipimo chetu kilikuwa kinaonyesha wamekauka. Fundi wangu akataka kubishana naye. Nikamwambia vunja mmoja. Akavunja: hakukatika, alipinda tu, na kwenye mgongo kulikuwa na unyevu unaouona kwa macho. Kipimo kilikuwa kinapima hewa inayotoka, siyo samaki.

Basi andiko letu lilikuwa ni hilo. Siku ya mawingu, hewa ipite kwa kasi gani, na joto la saa za mwanzo lisivuke kiasi gani, ili dagaa wakauke hadi ndani bila kupikika? Tukaeleza tutakavyojua: dagaa wa mtumbwi mmoja, siku moja, wagawanywe mafungu matatu, la mchangani, la kwenye chanja na la kwenye kikaushio, wote wapimwe uzito kabla na baada. Umaskini wa mvuvi ulipata aya moja. Nilijua tutapata, na tukapata.

Kwa wenzetu Marekani hili la kulipia swali limewekwa wazi kuliko kwetu. Wana mpango wa kugharimia utafiti wa kampuni ndogo unaoitwa SBIR, ulioanza kwa sheria ya 1982. Kuanzia 2017, shirika la serikali lililotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwenye utafiti unaofanywa na watu wa nje ya serikali, lililazimika kutenga asilimia 3.2 ya fedha hiyo kwa ajili ya kampuni ndogo, yaani zenye wafanyakazi wasiozidi 500. (Kwa kipimo hicho karakana yangu sijui ingeitwaje.) Awamu ya kwanza unathibitisha kama jambo linawezekana. Ya pili unalijenga na kulijaribu. Ya tatu ni kuingia sokoni, na huko mfuko wenyewe haukupi hata senti. Sisi tuna COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, na mfuko wake wa utafiti, MTUSATE. Tuna pia mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, tangu 2019. Ukubwa haulingani, lakini mantiki ni hiyohiyo. Fedha ya utafiti hununua kutojua kwako, ndugu yangu. Kama majibu unayo tayari, nenda benki au nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukaombe mkopo.

Kuhusu hesabu nitasema kidogo. Mkaguzi anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mama wa mwaloni hana mashine ya EFD. Tulikuwa na daftari la malipo: jina, namba ya simu, kilo, bei, saini au dole gumba, na mhuri wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kila ukurasa. Uliza mapema kama wanalikubali, upate jibu kwa maandishi. Na usifunge biashara yako kwa sababu umepata ruzuku! Taa za kuvulia ndizo zilizolipa mishahara fedha ya awamu ya pili ya ruzuku yetu ilipochelewa.

Ilichelewa wapi? Hapa niseme ukweli, ingawa jina silitaji. Masharti yalitutaka tuwe na taasisi ya elimu kama mshirika, na fedha zikapitia kwenye akaunti yake. Serikali ilikuwa imeshatoa. Fedha ilikaa kwenye ofisi ya uhasibu ya mshirika, kila nikienda naambiwa mwenye saini amesafiri. Hilo nililimeza. Lililonikaa kooni ni siku ya kuwasilisha matokeo. Nimekaa safu ya nyuma na fundi wangu, picha ya kikaushio chetu inaonyeshwa ukutani, mikono inayoonekana pale ni ya fundi wangu, na mhadhiri anasema “ubunifu wa taasisi yetu”. Sisi tukatajwa kama “wadau wa jamii”. Fundi akanigeukia akauliza kama wadau ndio sisi.

Wamarekani walilimaliza jambo hili kwa sheria ya 1980, inayoitwa kwa majina ya maseneta wawili, Bayh na Dole: kampuni ndogo au chuo kikivumbua kitu kwa fedha ya serikali, kinaruhusiwa kubaki na haki ya uvumbuzi huo. Wewe uliye Mwanza, usisubiri Bunge. Vijana mnapenda kusema kuhusu mhadhiri, “huyu ni mtu wetu, tumesoma naye”. Mtu wenu ana bosi, na bosi wake hajasoma na ninyi. Kabla hamjasaini ombi la ruzuku, kaeni muandike nani atamiliki kitakachopatikana, jina la nani litatangulia kwenye ripoti, na fedha ikiingia kwa mshirika itoke ndani ya siku ngapi. Kama kuna kitu kipya kweli, kipeleke BRELA, wakala wa usajili wa serikali, kuombea hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) kabla hujakipeleka kwenye maonyesho, maana kikishaonwa na kila mtu unapata shida kudai kuwa ni kipya. Shahidi awe mwanasheria, hata wa ada ndogo. Na mhadhiri akinuna ukimwekea karatasi mezani, mshukuru kwa muda wake na uombe namba ya mwenzake.