Kwa baiskeli kutoka Tanga hadi Mkwaja: anza na kalenda ya maji

Wengi wakipanga safari ya baiskeli pwani ya Tanga huanza na ramani. Tanga hadi Pangani kama kilomita 50, Pangani hadi Ushongo kama 15, mbele Kipumbwi, kisha Mkwaja. Wanagawa kwa siku na kufunga mizigo. Barabarani hesabu hiyo inatosha. Ukishuka ufukweni haikusaidii, maana kilomita 5 za mchanga mgumu ni dakika 20, na kilomita zizo hizo maji yakijaa ni nusu siku ya kusukuma. Penye jabali huenda njia isiwepo kabisa. Kabla hujagusa spana, tazama mwezi.

Maji ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua hadi kama mita 1. Jambo zuri kwa mwendesha baiskeli ni kwamba bamvua ya huku hupwa asubuhi, saa nne hadi saa tano hivi, na kujaa alasiri kwenye saa kumi. Unapata ufukwe mpana kabla jua halijawa kali. Maji mafu ni kinyume: hupwa alfajiri na jioni, na hata yakipwa, ukanda wa mchanga mgumu unakuwa mwembamba na umeinama upande mmoja.

Kila siku maji huchelewa, kwa wastani dakika 50. Leo yakipwa saa nne, baada ya siku nne yatapwa baada ya saa saba mchana. Kwa hiyo ondoka Tanga siku ya mwezi kuandama au siku ya mwezi mpevu. Siku ya kwanza ni ya barabara hadi Pangani, maji hayakuhusu. Siku ya pili hadi ya nne, ambazo ndizo za ufukweni, zitaangukia katikati ya bamvua. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, lenga tarehe 2 hadi 4 au 15 hadi 18 za mwezi mwandamo. Wavuvi wa Kigombe na Ushongo wanahesabu hivyo hivyo, na jibu lao ni la kuaminika kuliko programu ya simu, kwa sababu wanaijua na hori yao, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu.

Jedwali la maji la Tanga lina mitego miwili. Kwanza, saa zake ni za kizungu: 10:20 ni saa nne na dakika 20 asubuhi. Inachekesha, lakini kuna watu hufika ufukweni saa kumi jioni na kukuta bahari imefika kwenye minazi. Pili, namba ya mita iliyoandikwa si kina cha maji mbele yako. Ni kimo juu ya kiwango cha chini kinachotumika kwenye ramani za baharini. Itumie kulinganisha siku na siku tu.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ya mita 3.6: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Saa ya tatu ndiyo inayowanasa watu, kwa kuwa saa mbili za mwanzo zimewazoesha kuona bahari iko mbali. Sheria tunayoifuata ni saa mbili kabla ya kupwa na saa mbili baada. Saa nne hizo zinakutosha kilomita 25 hadi 30 ukiwa na mzigo, pamoja na kusimama. Ikifika saa ya tatu, uwe umeshapanda juu.

Kuhusu upepo, kwa ufupi: kaskazi ya Januari na Februari inakusukuma ukitoka Tanga kwenda kusini. Kusi ya Juni hadi Septemba itakupiga usoni njia nzima, kwa hiyo miezi hiyo panda gari na baiskeli yako hadi Mkwaja, uanzie huko kurudi Tanga. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu. Udongo wa kuelekea Mkwaja hushika tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Baiskeli ipi

Phoenix ya inchi 28 ni nzuri mno kwa barabara ya Tanga hadi Pangani na vipuri vyake viko kila kijiji, ila tairi lake la inchi 1½ huchimba mchanga kama kisu. Kwa ufukwe unahitaji tairi la inchi 2.2 au zaidi. Chagua rimu ya 26 ukiweza: tyubu na tairi za 26 utazipata Pangani, za 29 huenda usizipate. Vali iwe ile nene ya gari. Ukiishiwa pampu, fundi wa bodaboda atakujaza kwa dakika moja. Ukiwa na vali nyembamba ya baiskeli za mbio, atakuangalia tu.

Upepo wa tairi ndio unaoamua siku yako. Barabara ya changarawe, psi 35. Ukishuka mchangani punguza hadi 15 au 18. Kama huna kipimo, bonyeza kwa kidole gumba, tairi liingie kama sentimita moja. Halafu, hapa ndipo wengi huchoka na kuzembea, jaza tena kabla ya kurudi kwenye mawe. Tairi legevu likigonga jiwe, rimu inaing'ata tyubu na kuacha vitobo viwili sambamba. Ukiona vitobo viwili, usitafute mwiba, haupo. Ziba vyote na ongeza upepo.

Chukua tyubu 2, viraka 10 na solusheni mpya (iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka), kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 10 cha kuweka ndani ubavu ukichanika, pini ya kukatia mnyororo, waya mmoja wa gia na mmoja wa breki, na boliti 4 za milimita 5 za keria. Boliti za keria hulegea kwa mtikisiko wa matuta ya mchanga, na ya kwanza kuanguka huwa ya chini, upande wa mnyororo. Ziguse kwa kidole kila unaposimama kunywa maji.

Kusoma mchanga na jabali

Mchanga mgumu una rangi nyeusi kidogo na haung'ai. Unaong'aa kama kioo umeshiba maji na utakumeza; mweupe wa juu ni mkavu, hauendesheki. Kanyaga kwa kisigino. Mchanga ukipauka kuzunguka mguu kwa sekunde moja kabla ya kurudia rangi yake, panda. Ukitetemeka na kuchuruzika maji, shuka usukume. Matundu mengi ya kaa ni dalili ya mchanga laini. Tumia gia nyepesi na uzungushe pedali kwa mwendo mmoja bila kushtuka. Usukani ushike kwa ulegevu, na ukitaka kukata kona, chora duara kubwa. Kona kali hukuangusha palepale.

Kwenye diko la wavuvi shuka. Kamba za nanga hukazwa kutoka chomboni hadi kwenye mti wa ufukweni, kimo cha shingo ya aliyekaa kwenye baiskeli, na zimefifia rangi ya mchanga. Nyavu zilizoanikwa usizipitie juu hata kwa kusukuma.

Majabali ya huku, kwa mfano yale ya kaskazini mwa mji wa Pangani, si marefu, lakini ni mawe ya matumbawe ya kale na mawimbi yameyala chini yakabaki yameinama juu ya mchanga. Usipumzike kivulini mwake, huwa yanamomonyoka, na juu usisogeze baiskeli karibu na ukingo. Hatari kubwa zaidi ni rasi. Unazunguka rasi ya kwanza mchanga ukiwa mkavu, mbele ipo nyingine, na nyuma maji yameshafunga. Jiwe lenyewe linakueleza maji yanafika wapi: tafuta mstari wa chaza walioshika mwamba. Mstari huo hufunikwa na maji kila siku. Ukiwa kifuani mwako au juu zaidi, na huoni kichochoro cha kupandia ndani ya mita mia chache, hapo si pa kupita maji yakipanda. Rasi zote zipitwe maji yakiwa bado yanapwa, ili ukikosea kipimo dakika zinazofuata zikuongezee nafasi. Juu ya mwamba wenyewe sukuma tu. Ncha zake hukata ubavu wa tairi, na ubavu hauzibwi kwa kiraka.

Hori na midomo ya mito

Mto Pangani usiuvuke kwa njia yoyote isiyo rasmi. Una mkondo mkali maji yanapotoka, na una mamba. Kati ya mji wa Pangani na Bweni, ng'ambo ya mto, kuna kivuko, na daraja linajengwa. Ulizia mjini kipi kinatumika siku hiyo. Mradi wa lami wa Tanga hadi Bagamoyo nao unabadilisha barabara kipande kwa kipande, kwa hiyo maelezo ya mwaka juzi yasome kwa tahadhari.

Hori ndogo huvukwa kwa mguu, na saa yake ni moja: mwisho wa kupwa, maji yakiwa yamesimama. Maji yakiwa bado yanatoka kwa nguvu, ukiteleza unapelekwa baharini. Vuka palipo papana, kwa kuwa hapo ndipo kina ni kidogo. Pembamba panapovutia macho ndipo palipochimbika. Pita kwanza bila kitu, na fimbo mkononi. Yakifika juu ya goti na yanakwenda, rudi utafute mtumbwi. Yakiwa chini ya goti, bebea mifuko mabegani safari ya kwanza, kisha rudia baiskeli. Ibebe upande unakoelekea mkondo, ili ikisukumwa isikuangukie miguuni. Vaa viatu vya kufungwa. Kandambili hubaki kwenye tope, na chini kuna magamba ya chaza.

Penye mikoko usitafute njia ya mkato. Mizizi ya mchu huchomoza kama penseli kwenye tope, na inatoboa.

Kipumbwi, mdomoni mwa mto Msangasi, panga kuvuka kwa mtumbwi au kuzunguka kwa barabara. Patana bei ya mtu na ya baiskeli kabla hujapakia. Laza baiskeli mnyororo ukiwa juu, zungusha usukani ulale sambamba na fremu, na funga fremu kwenye mbao ya chombo kwa kamba, ili chombo kikiyumba isihame. Simu na nyaraka ziwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mwilini mwako.

Jioni

Maji ya chumvi hayaharibu baiskeli siku hiyo, huiharibu usiku. Kabla ya kula, mwagia lita 2 za maji baridi, yasiyo na chumvi, polepole kutoka juu: mnyororo, gia, breki, boliti. Usimwage kwa nguvu kwenye habu wala kwenye mhimili wa pedali, utaingiza mchanga kwenye gololi. Futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ukauke, kisha tone moja la oili kwa kila kiungo na ufute ya juu yote. Oili iliyobaki nje hukusanya mchanga na kusaga meno ya gia. Nguzo ya kiti na pedali zipake grisi kabla ya safari. Alumini ndani ya chuma ikipata chumvi hushikana, na kuna nguzo za viti ambazo hazikutoka tena hadi zilipokatwa.

Maji ya kunywa: lita 5 kila unapoondoka kijijini, kwa sababu visima vingi vya karibu na ufukwe vina magadi au chumvi. Madafu yanasaidia, hayatoshi. Kabla ya kutandika hema, pita kwa mwenyekiti wa kijiji. Utaonyeshwa mahali na pengine utapewa mtu wa kulinda. Vaa nguo inayofunika magoti ukiingia kijijini, na Ijumaa mchana usitarajie kupata nahodha wa mtumbwi mpaka watoke msikitini. Magofu ya Tongoni, kabla ya kilomita 20 kutoka Tanga, ni pahala pazuri pa kupumzikia siku ya kwanza: kuna makaburi ya nguzo na kivuli.

Mkwaja ndipo pa kuishia kwa baiskeli. Mbele ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye tembo na simba, na kusini yake mdomo wa Wami una viboko na mamba. Usiingie kwa pedali bila kuzungumza na askari wa hifadhi, hata kama mtu kijijini anakwambia yeye hupita kila wiki. Tafuta gari la kukupitisha hadi Saadani, kisha toka kwa barabara ya Miono hadi Mandera kwenye barabara kuu, upande basi. Kwenye buti ya basi toa gurudumu la mbele, vua pedali, na weka kipande cha mti kati ya uma wa mbele usije ukabanwa na mizigo. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha spana upande wa saa, kinyume na ya kulia. Ifungue mara moja nyumbani ukiwa na muda, siyo kwa mara ya kwanza stendi huku kondakta anapiga kelele.