Chagua Samaki Kwanza, Tangi Baadaye: Ushauri kwa Anayeanza Kufuga Samaki wa Maji ya Chumvi

Wengi wanaoniuliza kuhusu kufuga samaki wa baharini nyumbani huanza na tangi: liwe la ukubwa gani, la umbo gani, likae wapi. Mimi humrudisha mtu nyuma kidogo. Namwomba anitajie samaki anaotaka kuwaona humo baada ya mwaka mmoja, wote, kwa majina. Mara nyingi majina hayo hana, na matatizo yake yote ya baadaye yanaanzia hapo, kwa sababu ujazo wa tangi, nguvu ya pampu, mpangilio wa mawe, hata aina ya mfuniko, vyote hutokana na orodha hiyo. Anayenunua tangi kwanza hubaki na maji yanayosubiri samaki, na siku atakapoingia dukani atatoka na yeyote anayemeremeta zaidi.

Orodha iwe fupi. Kwa tangi la lita 150 hadi 200, ambalo ndilo ninalompendekezea anayeanza, samaki wadogo watano au sita wanatosha. Aliyezoea kufuga samaki wa mito na maziwa huona idadi hiyo kuwa ndogo mno. Lakini maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na samaki wengi wa matumbawe wana wivu wa makazi: kila mmoja hutaka shimo lake, na humfukuza anayelisogelea. Mbona basi tusianze na tangi dogo la lita 40, lisilotisha mfuko? Kwa sababu maji machache hubadilika upesi. Mchana mmoja wa joto, chakula kidogo kilichozidi, konokono mmoja aliyefia nyuma ya jiwe, na hali ya maji imeshageuka kabla hujajua. Maji mengi hukupa muda wa kugundua kosa na kulirekebisha. Kumbuka tu kwamba lita 200 za maji ni kilo 200, bado hujaweka kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo meza ya kawaida haifai.

Sasa samaki wenyewe. Wa kwanza kwenye orodha yangu ni Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Huzalishwa kwa wingi katika vituo vya ufugaji, amezoea maisha ya tangini tangu kutotolewa, anakula karibu kila anachopewa na hakui sana. Wachukue wawili wachanga waliopishana kidogo kwa ukubwa. Samaki hawa hukomaa kwanza wakiwa madume, kisha aliye mkubwa zaidi hugeuka jike, hivyo jozi hujitengeneza yenyewe. Anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri inayowasha, usimnunue. Baharini samaki huyu humtegemea kwa ulinzi, lakini tangini hakuna adui wa kumkimbia, na anemoni anahitaji mwanga mkali na tangi lililokwisha kukomaa. Akifa, huchafua maji kiasi cha kuweza kuua wengine.

Yuko pia Gramma loreto kutoka Karibi, nusu zambarau na nusu njano, anayependa mapango na ambaye mara kwa mara utamwona akiogelea tumbo juu akifuata dari ya pango lake. Ndivyo alivyo, usishtuke. Mweke mmoja tu. Kwa anayependa samaki mtulivu wa kuelea katikati ya maji, Pterapogon kauderni ni chaguo zuri sana: dume ndiye anayebeba mayai mdomoni, na kwa muda wote huo hali kitu. Asili yake ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia, na uvuvi wa kuwauzia wafugaji umempunguza kiasi kwamba shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamhesabu kati ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo nunua aliyezalishwa kituoni tu. Kama muuzaji hawezi kukuambia alikotoka, muache.

Anayenifurahisha kuliko wote ni gobi wa njano, Cryptocentrus cinctus. Huyu hukaa chini, mchangani, na akipata kamba wa jamii ya Alpheus hufanya naye ubia wa ajabu. Kamba anachimba shimo na kulikarabati siku nzima, lakini macho yake ni dhaifu sana. Gobi hachimbi nyumba hiyo, ila anaona vizuri, basi hukaa mlangoni na kulinda. Kamba akitoka na mzigo wa mchanga huacha kipapasio chake kimoja kikimgusa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili hurudi ndani mara moja. Nimekaa mbele ya kioo jioni nyingi nikiwatazama hao wawili tu, na kama ningeambiwa nibaki na viumbe wa aina mbili pekee, ningebaki na hao. Wanachodai ni mchanga wa kutosha, sentimita tano hivi, wenye punje ndogo zilizochanganyika na vipande vya kombe. Na hapa orodha inaamua ujenzi: mawe yaketi juu ya kioo cha chini kwanza, mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, siku watakapochimba chini yake yatawaangukia.

Wa mwisho ni Nemateleotris magnifica, mwembamba, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye pezi refu mgongoni kama bendera. Ni mpole na mwoga, na anaposhtuka huruka nje ya tangi. Ukimwandika huyu kwenye orodha, andika papo hapo na mfuniko wa wavu.

Wapo wa kuwaacha, hata ukibembelezwa. Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hufikia sentimita 30 na ni muogeleaji wa masafa. Lita 200 kwake ni kifungo. Synchiropus splendidus, mwenye marembo ya buluu na chungwa, hula vijidudu hai vinavyotambaa kwenye mawe, na tangi jipya halina vya kumtosha, hivyo hukonda taratibu hadi kufa. Vitatange wengi hula matumbawe hai na hukataa chakula kingine. Na damseli, ambao mara nyingi husifiwa kuwa samaki wagumu wa kuanzishia tangi, kweli ni wagumu, na ugumu huohuo huwafanya wawatese wote wanaoingia baada yao. Kumnasa damseli mmoja katikati ya mawe kunaweza kukulazimisha kulibomoa tangi zima.

Orodha ikishakamilika, iandike upya kwa mfuatano wa kuingia. Wapole hutangulia, wenye wivu wa makazi hufuata. Mimi huanza na Nemateleotris, kisha Pterapogon, kisha gobi na kamba wake, halafu Gramma, na Amphiprion hufunga safari. Ukimtanguliza mbabe, tangi lote linakuwa mali yake, na kila mgeni anahesabiwa mvamizi.

Kabla ya wote hao, kuna wakazi usiowaona. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi, na amonia ni sumu kwao. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi na ambayo wewe huiondoa kwa kubadilisha maji. Makundi hayo huishi juu ya mawe, mchanga na chujio, na hukua polepole. Kuyaotesha kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Hakuna haja ya kumtesa samaki kwa kazi hii. Weka maji, mawe na mchanga, washa pampu na hita, kisha tia amonia isiyo na manukato wala sabuni hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku chache. Amonia itashuka, nitriti itapanda na kukaa juu kwa muda unaochosha, kisha nayo itaporomoka. Siku utakapotia tena miligramu 2 na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi liko tayari. Badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo umlete samaki wa kwanza.

Mawe yenye vinyweleo vingi hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukipata mawe hai yaliyotunzwa kwenye maji, yanakuja na bakteria wake na kuharakisha mambo. Ukipata makavu, utasubiri zaidi lakini hutaingiza kaa waharibifu wala minyoo usiyoitaka. Napenda makavu, pamoja na jiwe moja dogo hai la kupandikizia bakteria.

Maji yenyewe hayana njia ya mkato. Maji ya bomba mara nyingi huwa na klorini, fosfati, na wakati mwingine shaba, na shaba huua kamba na konokono hata ikiwa kidogo. Tumia yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia uchafu. Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya baharini, kwa sababu ina kalsiamu, magnesiamu na vitu vingine ambavyo chumvi ya kupikia haina. Ichanganye kwenye ndoo ya pembeni yenye pampu hadi maji yawe maangavu, usiimwage tangini penye samaki. Lengo ni gramu 35 kwa lita, yaani uzito mahususi (uzito ukilinganishwa na wa maji matupu) wa 1.025 hadi 1.026, na rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa mwanga, hupima vizuri zaidi kuliko haidromita ya plastiki, inayopima kwa kuelea. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Jambo moja huwachanganya wengi: maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi hubaki, kwa hiyo ongeza maji matupu yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Hita ya kukadiria wati moja kwa lita, pampu za mkondo zinazozungusha maji yote mara kumi au zaidi kwa saa, na taa ya kawaida kwa saa nane, kwa kuwa tangi la samaki bila matumbawe halihitaji mwanga mkali. Chujio la povu, linalonasa uchafu kwa viputo vya hewa, ni msaada mkubwa, ingawa mwenye samaki wachache na nidhamu ya kubadilisha maji anaweza kuishi bila hilo.

Pesa utakayookoa kwenye taa, iweke kwenye tangi la karantini. Hili nalisisitiza kwa sauti yangu yote. Kimelea Cryptocaryon irritans, anayeleta vidonda vyeupe kama punje za chumvi, huingia na samaki anayeonekana mzima. Kimelea huyo akimaliza kula hudondoka, hujifungia kwenye ganda chini, kisha hupasuka na kutoa wengine wengi wanaotafuta samaki mpya. Dawa ya shaba humuua, lakini haiwezi kutiwa tangi lenye kamba na konokono, na mawe huinyonya. Akishaingia tangi kuu, itabidi uwatoe samaki wote na kuliacha bila samaki kwa wiki nyingi ili vimelea wafe njaa. Tangi tupu la lita 40 lenye chujio la sifongo, hita na vipande vya bomba vya kujifichia hukuondolea balaa hilo. Kila samaki akae humo angalau wiki nne. Muda huo pia ndio unaopishanisha samaki mmoja na mwingine, na kuwapa bakteria wa tangi kuu nafasi ya kuzoea mzigo ulioongezeka.

Dukani, mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asiyekula huko, hakuna sababu ya kuamini atakula kwako. Tazama kupumua kwake, tumbo lisilobonyea, macho maangavu, mapezi yasiyochanika. Ukimfikisha nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji kama dakika 20 ili joto lilingane, linganisha chumvi, kisha mchote samaki peke yake kwa wavu laini au chombo. Maji ya mfukoni yamwage. Zima taa usiku huo.

Katika miezi ya mwanzo mchanga na mawe vitapakwa utando wa kahawia. Hao ni daiatomu, vijimea vidogo mno, na kwa kawaida hutoweka wenyewe. Baadaye utakuja mwani wa kijani, na hapo konokono wachache wa jamii ya Trochus watakufaa. Waongeze kadiri chakula chao kinavyoongezeka. Lisha samaki kidogo mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili, na uchanganye punje za chakula kikavu na kamba wadogo waliogandishwa. Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Samaki mpya asipogusa chakula siku ya kwanza au ya pili, mpe giza, mahali pa kujificha na kamba waliogandishwa waliolowekwa kwenye maji ya tangi, wachache sana. Akifika siku ya nne bado anakataa, jaribu chakula hai, kama vile vifaranga vya Artemia, vijikamba vya maji ya chumvi, na uendelee kuondoa mabaki kabla hayajaoza.