Mtoto anayekukodolea mdomo, mwache akukodolee

Mama mmoja wa Kadutu ameniandikia wiki hii: mwanawe wa miezi saba akisemeshwa hamtazami machoni, anakodolea mdomo tu, na mama mkwe ameshaanza kunong'ona. Ujumbe huo ulinichoma, maana maneno hayo niliyasikia mimi pia, hapa hapa Bukavu.

Binti yangu alikuwa vilevile. Nikimsemesha huku nachambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaikazia macho midomo yangu, na yake inachezacheza bila sauti. Jirani mmoja akamwambia mume wangu kwamba mtoto ni kiziwi na mimi ninaficha. Mpaka leo tunasalimiana, lakini sijasahau. Na binti yule sasa ukimtajia kifuniko, anatambaa kukifuata!

Mtoto alikuwa anajifunza. Mwaka 2012 David Lewkowicz na Amy Hansen-Tift, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba mtoto wa miezi minne hutazama zaidi macho ya anayeongea, ila kufikia miezi minane, anapoanza kubwabwaja, huhamia mdomoni. Huko ndiko anakoona sauti inavyotengenezwa. Hata kabla ya hapo anajua mengi: mwaka 1982 Patricia Kuhl na Andrew Meltzoff waliwaonyesha watoto wa miezi minne hadi mitano nyuso mbili, mmoja ukitamka "a", mwingine "i", huku sauti moja tu ikisikika. Watoto waliutazama zaidi uso uliolingana na ile sauti.

Kwa hiyo, mama, ongea naye uso kwa uso. Akiwa mgongoni anakusikia, lakini haoni mdomo wako. Mshushe, mpakate, sema naye. Ukitaja sufuria, ishike, igonge, aione inavyolia. Rudia. Halafu rudia tena. Wala usiiachie telefone imlee! Mwaka 2003 Kuhl na wenzake waliona watoto wa Marekani wa miezi tisa wakishika sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyekaa na kucheza nao. Waliowekewa televisheni hawakushika kitu. Sote tunataka watoto watakaosimama darasani waseme bila woga. Basi tuwape nyuso zetu tangu sasa.

Asiposhtuka mlango ukibamizwa, au asipogeukia sauti yako, hapo usingoje, mpeleke hospitali apimwe masikio. Ila kwa huku kukodolea mdomo, mwambie mama mkwe asogee karibu amwimbie, naye akodolewe.