Ramani za mawazo: zinasaidia kukumbuka au ni urembo wa daftari?

Mkuu, umeuliza kwa nini unachora ramani za mawazo (ile michoro yenye mada katikati na matawi yake pembeni) zenye rangi nzuri, halafu ukiingia kwenye mtihani unatoka kapa. Mimi nafundisha tuisheni ya historia jioni, na wanafunzi wengi wanaletewa shida na jambo hilohilo.

Nadhani unachora kitabu kikiwa wazi pembeni. Hapo mkono ndio unaofanya kazi, kichwa kimelala. Wangu nawaambia wasome mada hadi mwisho, wafunge kila kitu, ndipo wachore wanachokumbuka, hata kama ni matawi mawili tu. Wakikwama kabisa wafungue, na walichokuwa wamesahau wakiongeze kwa kalamu nyekundu. Tony Buzan, Mwingereza aliyeueneza mtindo huu miaka ya 1970, alisisitiza sana rangi na picha. Mimi rangi naiheshimu kwa kazi hiyo moja tu: ukiitazama karatasi, wekundu unakuonyesha usome nini usiku huo.

Chukua Vita vya Maji Maji. Laza karatasi ya A4, katikati andika MAJI MAJI 1905–1907. Tawi la sababu: pamba, kodi, maakida (wasimamizi waliowekwa na Wajerumani), kazi za shuruti. Tawi la imani: Kinjikitile, Ngarambe, maji (yaani mganga, kijiji chake, na dawa iliyoaminika kuzuia risasi). Mapigano: Umatumbi, Mahenge, Ungoni. Mbinu za Wajerumani: rashasha, kuchoma mashamba. Matokeo: njaa, vifo, mabadiliko ya utawala. Neno moja au mawili kila kitawi, basi. Anayeandika "Wajerumani waliwalazimisha wananchi kulima pamba" amerudi kwenye notsi, ila safari hii zimeandikwa upandeupande.

Hata hivyo, hiyo bado ni orodha iliyotawanywa. Faida inaanza ukivuta mishale kutoka tawi moja hadi jingine, na juu ya kila mshale ukaandika kitendo. "Pamba" hadi "Umatumbi": ilianzisha, kwa sababu Julai 1905 watu walianza kwa kung'oa pamba shambani. "Kuchoma mashamba" hadi "njaa": ilisababisha, tena kwa makusudi, na njaa hiyo iliua wengi kuliko risasi. "Maji" hadi "Ungoni": iliunganisha. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa bado changa, lakini iliendelea kusambaa kwa watu ambao kabla ya Wajerumani hawakuwahi kuwa chini ya mtawala mmoja. Swali la "kwa nini vita ilienea haraka kusini" jibu lake liko kwenye huo mshale, na ndio wengi wanaousahau kwa kuwa wako bize kupaka matawi rangi.

Matawi makuu yakizidi saba, gawa mada.

Programu za simu sizikatai. Ukipanga ripoti au mradi ni nzuri, maana unahamisha vitawi bila kufutafuta. Kwa kukumbuka, bora karatasi, kwa sababu ile ya kwanza utaiweka kando na kuchora upya bila kuangalia, kesho yake, kisha wiki ijayo. Linganisha. Usipochora upya, umepata pambo la ukutani.

Mfuatano mrefu wa tarehe uwekee mstari wa kawaida, matawi yanauvuruga. Na huo mtihani wa hesabu uliosema unao Ijumaa, usichore chochote mkuu, fanya maswali.